Dakika Kumi na Moja

Mvua ileile ya tangu Jumatatu.
Glenys Probert yuko mlangoni, taulo begani,
nambari kumi na saba, mtaa unaopanda kama ngazi
hadi mgodi wa zamani, sasa uwanja wa kutembeza mbwa.

Wa kwanza alivaa utepe wa bluu, na viatu visivyojua tope.
Kazi ni heshima, alisema. Serikali isiwe mto
wa kulalia; mtu aamke, ajiamshe.
Glenys aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyosema mama yake,
aliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja
asiombe hata aspirini.

Wa pili, utepe mwekundu: Babu yako alikuwa wetu,
kana kwamba kaburi nalo lina kadi ya uanachama.
Anayeweza afanye kazi, alisema,
asiyeweza ashikwe mkono.
Na huko kuweza, nani atakayekupima?
Kijana aliangalia karatasi yake. Karatasi haikujua.

Wa tatu, wa manjano, alilowa chapachapa,
akaomba radhi kabla hajakosa.
Yeye alitaka fimbo ifupishwe kidogo,
mkono urefushwe kidogo.
Mbwa wa jirani alimbwekea yeye peke yake.

Wa nne hakubisha. Alisukuma karatasi kwenye tundu la barua:
wa hapa kwanza. Glenys aliisoma mara mbili,
akimfikiria muuguzi wa Kerala anayemgeuza Idris, kaka yake,
kila usiku saa nane, mapafu yakikoroma vumbi la makaa;
kisha akawafikiria vijana wa hapa, wa hapa kabisa,
ambao hakuna aliyewabishia mlango tangu shule.

Zote nne alizitandaza chini ya viatu vyake vibichi.
Zilinyonya maji sawasawa.

Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Anakaa meza ya nne, ofisi ya kazi, ghorofa ya chini,
kiti kinachozunguka upande mmoja tu.
Jumanne alikuja Dewi, miaka ishirini na mitatu,
saa tatu kamili, nywele zimechanwa.
Nimeomba kazi ishirini, alisema, akitabasamu.
Hakuomba hata moja. Glenys alijua, na Dewi alijua kwamba anajua,
lakini fomu ilijaa, na fomu iliyojaa haina dhambi.
Akampigia muhuri.

Baada yake Gethin Rowlands, hamsini na minane,
aliyepanga mawe ya nusu ya kuta za bonde hili.
Alichelewa dakika kumi na moja. Basi la Maerdy halikupita.
Basi lile lile Glenys hulikimbia kila siku,
hupanda la mapema, gizani, kwa sababu hulijua.
Si angejua na yeye?
Mashine ilimpa vijisanduku viwili:
sababu nzuri. Sababu si nzuri.
Ilikuwa mara yake ya tatu. Glenys akabonyeza cha pili.
Gethin alikunja kofia yake na kusema, Haya, mama, ahsante.

Ahsante.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
husema lugha hii ninayoiandikia.
Haikusema siku ya nne iweje,
jembe lipo mkononi na shamba limeuzwa;
wala haikusema lolote juu ya yule
anayekaa mlangoni akihesabu siku.

Alhamisi, ukumbi wa shule, harufu ya chaki na makoti mabichi.
Penseli imefungwa kwa uzi kama mbuzi.
Glenys aliishika, akasoma majina kutoka juu kwenda chini,
kisha kutoka chini kwenda juu.
Nje ya pazia mtu alikohoa. Saa ya ukutani ilisogea, ikasogea tena,
kumi, kumi na moja, kumi na mbili,
na hakuna aliyemwandika kuwa amechelewa.